Mama Funguo na Vitabu Vilivyochanganyika

Mwaka umekatika, Mama, tangu ulipotundika funguo zako kwenye msumari wa jikoni ukaenda hospitali kwa miguu yako mwenyewe, ukisema utarudi kabla nguo hazijakauka kambani. Hukurudi. Nguo tulizianua sisi.

Kitinda mimba wako ndiye aliyenipa kazi ya kuandika tangazo hili. "Andika wewe," aliniambia, "mkono wangu mimi umezoea usukani." Nikamwambia nikiandika mimi nitasema yote. Akasema tangazo la kumbukumbu si mahali pa kuungama. Nikamuuliza mahali penyewe ni wapi, akawasha gari. Mchungaji amekubali libandikwe lote kwenye ubao wa matangazo wa kanisa hata likizidi karatasi moja, kwa hiyo mnaosoma mmesimama, vumilieni. Mwenye haraka aruke aende kwenye majina.

Ulifagia kanisa lile miaka ishirini na sita. Walikuita Mama Funguo kwa sababu ya funguo zilizokuning'inia kiunoni, ukasikika kabla hujaonekana. Kila Ijumaa ulisugua sakafu kwa nta nyekundu, na Baba alipenda kukutania kwamba hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kupiga magoti mara nyingi kama wewe. Vidole gumba vyako havikutakata kamwe, hata siku za harusi. Ulikuwa ukisema kazi mbaya si mchezo mwema, halafu unaanza tena benchi la kwanza.

Uliwajua watu kwa uchafu wao. Nasema hivyo bila kumkosea mtu. Mwokaji wa benchi la pili aliacha unga. Mwalimu mstaafu aliacha vumbi la chaki miaka mitano baada ya kustaafu, na hukuwahi kujua chaki anaitoa wapi. Mtu akikosekana Jumapili mbili, ulijua kabla ya mchungaji, kwa sababu mahali pake palikuwa pasafi.

Kule nyuma, karibu na mlango, lipo kabati alilolitengeneza Baba, lenye vijumba mia na ishirini, kila kijumba na kitabu kimoja cha nyimbo. Vitabu ni mali ya kanisa, jalada ni lilelile, na mchungaji wa zamani alikataza kabisa watu wasiandike majina ndani. Haikuhitajika. Kila mtu alikijua kijumba chake kama anavyokijua kitanda chake. Chako kilikuwa namba moja, maana ulikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Changu ni hamsini na nane.

Nasema changu ni hamsini na nane ingawa nilikuwa sijakanyaga kanisani miaka sita. Ndoa yangu ilipovunjika, kila Jumapili palikuwa na mtu wa kuniuliza shemeji yuko wapi, hajambo, mbona haonekani. Waliuliza kwa mapenzi, najua. Nilichoka kujibu nikaacha kuja. Hukunigombeza hata siku moja, Mama, na kijumba changu hukumpa mtu. Uliendelea tu kukifuta vumbi.

Ule ugonjwa ulipofika, amri ya kufunga makanisa ilitoka Jumatano, mwisho Ijumaa jioni. Mchungaji akaagiza kila mtu apelekewe kitabu chake nyumbani, watu waimbe hukohuko waliko. Wewe ukasema vitabu havitoki kanisani na jasho la mikono ya watu. Ukatoa mabenchi nje, ukafuta majalada yote mia na ishirini kwa kitambaa cha sabuni, ukavipanga vitabu juani kwa mpangilio wa vijumba, ukamwambia mlinzi asiguse hata kimoja.

Ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeiombea. Wewe na mlinzi mkaviokoa vitabu kwa aproni yako na koti lake, mkakimbia navyo ndani, mkavimwaga chini. Vilipona vyote. Mpangilio ndio haukupona. Mlinzi ndiye aliyetusimulia, baada ya mazishi yako, kwamba mlisimama mkaviangalia muda mrefu.

"Mama, sasa tunajuaje cha nani ni cha nani?"

"Hatujui."

"Si tuvifungue tuangalie ndani?"

"Tukifungua kimoja kimoja tutamaliza mwakani. Kesho barabara zinafungwa."

"Tuwaambie watu?"

"Nyimbo si ni zilezile? Lete gazeti tufunge."

Mkavifunga kwa magazeti, mkavikaza kwa uzi, vikasambazwa kwa baiskeli ya mlinzi na gari la mwokaji. Ulikuwa unaweka kifurushi mlangoni, unabisha, unarudi nyuma hadi barabarani, unapunga mkono. Mlango hadi mlango, miguu yako ile iliyovimba.

Jumapili asubuhi simu yako ikawaka moto. Baba anakumbuka ya kwanza ilikuwa ya mwokaji.

"Mama Funguo, Bwana Yesu asifiwe. Hiki kitabu si changu."

"Asifiwe. Kina nini ndani?"

"Nyimbo zote za mazishi zimepigiwa mstari mwekundu."

"Hicho ni cha mjane wa benchi la nne. Andika namba yake."

"Kwa hiyo nimpelekee?"

"Umpelekee wapi, baba? Si wamesema vitu visipite mkono kwa mkono? Mpigie umwambie kiko salama. Basi."

Mwokaji alipiga aseme neno moja, kiko salama, akakaa kwenye simu karibu saa nzima. Mjane alikuwa hajazungumza na mtu siku nne. Kesho yake mwokaji alituma mkate, ukaachwa mlangoni, na Jumapili iliyofuata akapiga tena kuuliza kama ulikuwa mgumu. Ulikuwa mgumu. Alimwambia wazi, na wakacheka.

Hivyo ndivyo kosa lako lilivyolishika kanisa, Mama, na ni vizuri lijulikane. Mchungaji alijaribu kuhubiri kwa simu, nusu ya wazee wakasikia mkwaruzo tu na nusu nyingine hawakujua kubonyeza wapi. Lakini kitabu cha mtu mwingine kila mmoja alikuwa nacho. Kila mtu alikuwa na wa kumpigia, na kila mtu alikuwa na wa kumngoja apige. "Mwenye kitabu changu" likawa jina la udugu, kama shangazi au mkwe. Mwenye kitabu changu anaumwa, tumwombee. Mwenye kitabu changu amepata mjukuu. Watu waliokuwa wakiangaliana visogo miaka kumi wakaanza kuulizana habari za magoti na presha. Mchungaji alipokusifu kwa mpango wako wa hekima, ulimwacha asifu. Ulinipigia ukanieleza, ukasema, "Naomba tu asiniulize sana."

Changu kilimwangukia fundi viatu, yule mwenye kibanda karibu na kituo cha maji. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya habari za soli.

"Binti wa Mama Funguo? Kitabu chako ninacho mimi," alisema. "Umechora kuku pembeni mwa wimbo wa thelathini."

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Kuku mwenyewe ana miguu minne."

Nikamwambia akae nacho tu, mimi huko siendi siku hizi.

"Sijakuuliza kama unaenda. Nimekuambia kiko salama."

Jumapili iliyofuata akapiga tena, na iliyofuata, na mimi nikapokea, wakati mwingine nikiwa nimelala na simu sikioni. Aliniimbia ubeti mmoja mmoja. Fundi, unasoma hapa, kwa hiyo nakuambia mbele ya watu: huna sauti. Asante.

Mnajua wote kazi yangu wakati ule, kufua mashuka ya hospitali. Tulikuwa wanane kwenye chumba cha kufulia, tukabaki watano, na mashuka yakawa mara tatu ya yale tuliyozoea. Dawa ilituchuna mikono. Nilikuwa natoka kazini saa nne asubuhi, naoga nje kwenye beseni, nalala na taulo kichwani, naamka narudi. Sikuwa na huzuni wala hofu, watu wanadhani tulikuwa na hofu. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Ijumaa ile ya vitabu ulifika na kwangu. Ulibisha ukarudi nyuma mpaka kwenye lango. Nikatoka na macho mekundu, tukazungumza kwa kupaza sauti, wewe na barakoa yako na mimi na yangu.

"Nimekuletea kitabu."

"Mama, si unajua mimi huko siendi."

"Kijumba kipo na kitabu kipo. Pokea."

"Haya, Mama. Asante."

Nikakiweka juu ya friji na gazeti lake na uzi wake, nikarudi kulala.

Baada ya hapo ulikuwa ukinipigia kila Jumatano. Niseme sawasawa: siku zote ulipiga wewe. Ulinisimulia nani amempata nani, mwalimu mstaafu kampata nani, mlinzi kampata nani, ukicheka mpaka unakohoa. Nami nikawa nakuuliza, "Na chako, Mama, kiko kwa nani?" Mwanzoni ulikuwa unafanya utani, unasema labda kimemwangukia mtu asiyejua kusoma. Baadaye ukawa unajibu tu, "Bado. Mtu ana mambo yake."

Mimi ndiye niliyekasirika. Nakumbuka maneno yangu, nayakumbuka kuliko ninavyotaka. Nilikuambia, "Watu wengine hawana shukrani. Umewaunganisha wote hao, halafu mtu mmoja anashindwa kukupigia wewe simu." Halafu ukaniuliza kama nimekula.

Wenye akili wameshajua naelekea wapi. Ndiyo. Kitabu chako kilikuwa juu ya friji yangu. Kilikuwa hapo siku niliyokuambia maneno yale, na nilikuwa nimeegemea friji hiyohiyo, simu sikioni. Ningependa, Mama, niwe na sababu nzuri ya kukueleza, chuki na kanisa, au mashaka ya imani, kitu mtu anaweza kukaa akakisikiliza. Sina. Nilikuwa nimechoka, nikasema nitakifungua kesho, na kesho zikawa nyingi.

Mwezi wa tano wa kufungwa wewe ukaanza kukohoa bila kucheka. Siku sita tu. Tulikuzika watu kumi, mlinzi akipima nafasi kati yetu kwa fimbo ya ufagio wako. Saa nane kamili wengine wote walisimama milangoni kwao na vitabu ambavyo si vyao wakakuimbia. Saa za watu hazifanani, kwa hiyo mtaa mmoja ulikuwa ubeti wa tatu na mwingine haujaanza, na fundi viatu alichelewa dakika kumi akaimba peke yake mpaka mwisho. Ungecheka sana.

Kanisa lilipofunguliwa, miezi minne sasa, watu walisimama mbele ya kabati wakarudishiana vitabu mkono kwa mkono. Wanasema ilichukua asubuhi nzima na mahubiri hayakuwepo. Mimi sikwenda. Kijumba namba moja kikabaki kitupu, na hapo maneno yakaanza, ni nani huyo aliyekaa na kitabu cha Mama Funguo mpaka mwenyewe akafa bila kupigiwa? Lisemwalo lipo, wakasema, na wakamwangukia kinyozi, kwa kuwa alihama mji bila kuaga. Baba alisema mara moja tu, "Si kinyozi," akaendelea kupiga randa. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Wiki tatu zilizopita friji yangu ilikufa. Fundi wa friji alikuja na kisanduku chake, akaniambia, "Dada, nitolee hii mizigo hapa juu." Nikashusha sufuria, nikashusha betri za zamani, nikashusha kifurushi chako. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai na uzi umeshikana na vumbi. Nilikifungua nimesimama, kwa wembe.

Sikuhitaji kuambiwa ni cha nani. Kila ukurasa, kona ya chini, kidole gumba chekundu cha nta. Nyimbo za asubuhi, za ubatizo, za mavuno. Nilikaa chini jikoni. Fundi akauliza kama arudi kesho, nikamwambia hapana, aendelee tu, na akaendelea, akipita juu ya miguu yangu kwa adabu.

Nilikaa nacho siku mbili bila kumwambia mtu. Nilifikiria kukitumbukiza kijumbani siku ambayo hakuna watu. Nilifikiria na mabaya zaidi, maana kinyozi hayupo na mtu asiyekuwepo hajitetei. Mchana wa siku ya tatu nikafanya lile ambalo watu mia na kumi na tisa walilifanya kabla yangu. Aliye na kitabu humpigia mwenye kitabu. Nikapiga namba yako.

"Haloo, kwa Mama Funguo." Ilikuwa ni sauti ya Baba. Simu yako bado anaichaji kila siku, nayo haikosi mtu.

"Shikamoo, Baba. Ni mimi. Kitabu cha Mama ninacho mimi."

Nikasikia randa ikiwekwa juu ya meza.

"Marahaba. Kiko salama?"

"Kiko salama."

"Basi vizuri."

"Baba, sikukifungua. Tangu Ijumaa ile aliyokileta. Kilikuwa juu ya friji."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mama yako si alikuwa na orodha? Kila anayepiga anamtia alama. Mwezi wa tatu wa kufungwa, wote walikuwa wamepiga, amebaki mmoja. Hesabu hiyo hata mimi naiweza."

"Alijua ni mimi?"

"Alijua."

"Sasa kwa nini hakuniambia? Si alikuwa ananipigia kila wiki?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema ukiambiwa utapiga kwa sababu umeambiwa. Akanikataza na mimi."

Nikamuuliza kama ulikuwa umekasirika.

"Hapana, mwanangu. Jumapili akimaliza simu zake za watu, anakaa hapo mlangoni na simu mapajani. Inafika saa saba, hujapiga. Anainuka, anasema, leo amechoka, na kazi yake ile. Anaenda kupika."

Jumapili nane, Mama, tangu mwezi ule hadi ulipougua. Nimezihesabu kwenye kalenda.

Kinyozi, popote ulipo, na mtu yeyote mwenye namba yake ampelekee neno hili: hukuhusika, na familia inakuomba radhi. Mlinzi, mvua ile haikuwa kosa lako. Na wewe, Mama, sina la kukuomba ambalo hukunipa tayari, kila Jumapili saa saba, na mimi nimelala.

Jumapili hii nitakileta mwenyewe na kukiweka namba moja. Nitakaa benchi la nyuma. Naomba jambo moja kwenu mnaosoma hapa: msiniulize shemeji yuko wapi. Na nikisinzia wakati wa mahubiri, niacheni.

Wanaokukumbuka ni mumeo, seremala, anayepokea simu zako. Mwanao kitinda mimba, dereva, pamoja na mkweo. Wajukuu zako wawili, ambao bado wakisikia funguo wanageuka. Mdogo wako, mama yetu mdogo, aliyekufumba macho. Fundi viatu, mwenye kitabu changu. Na mimi, kifungua mimba wako, mwenye kitabu chako.

Hatutakusahau, Mama, hata siku tulizochoka.